Nahamishwa kikazi nje ya nchi na mwenza wangu hatujafunga ndoa: aje kwa viza gani?

Mhandisi wa Madaraja aliandika:

Heshima kwenu nyote. Kampuni ninayoifanyia kazi imenipa nafasi ya kuhamia katika mojawapo ya ofisi zake tatu za nje, ya London, ya Munich au ya Amsterdam, kwa mkataba wa miaka mitatu, na imenipa wiki nne za kuchagua. Kazi ni ile ile na mshahara haupishani sana, kwa hiyo kitakachoamua ni mambo ya nyumbani, na hapo ndipo nilipokwama.

Mimi na mwenza wangu tuna miaka minne pamoja, na mitatu kati ya hiyo tumeishi nyumba moja, lakini hatujafunga ndoa. Si kwamba hatutaki. Tumepanga kuifunga kwa wakati wetu, wazazi wa pande zote mbili wakiwepo, na sipendi kuolewa kwa kukimbizana na tarehe ya ndege. Hatuna mtoto. Yeye ni mtaalamu wa mifumo ya kompyuta, ana miaka sita katika kazi hiyo ingawa hakumaliza shahada, na amesema wazi kwamba yuko tayari kuacha kazi yake ili tuende wote, kwa sharti moja tu: huko tuendako aruhusiwe kufanya kazi.

Nilipouliza ofisi ya utumishi, nilijibiwa kwamba kampuni inagharimia viza za familia. Nilipouliza familia ni nani, barua yangu haijajibiwa hadi leo.

Kuna doa moja ambalo ni afadhali nilitaje mapema. Mkataba wa pango una jina langu peke yangu, bili ya maji ina jina lake, na mwaka juzi alifanya kazi mji mwingine kwa miezi minane, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Sijui kama miezi hiyo inakatisha hesabu ya kuishi pamoja. Naomba kujua ni ipi kati ya nchi hizo inayomtambua mwenza asiye na cheti cha ndoa, kama ataruhusiwa kufanya kazi, na tuanze kukusanya nini sasa hivi.

Karani wa Vibali alijibu:

Ndugu Mhandisi, nimeshughulikia vibali vya wafanyakazi wanaohamishwa kwa miaka kumi na moja, nikiwa upande wa waajiri, na swali hili hunijia kila msimu wa uhamisho. Kwanza ondoa wazo kwamba kuna viza maalumu ya mwenza ambaye hamjaoana. Iliyopo ni viza au kibali cha mtegemezi wa mfanyakazi, na kila nchi huamua yenyewe ni nani anayeingia ndani ya neno hilo. Ofisi zenu tatu zimeangukia katika misimamo mitatu isiyofanana hata kidogo.

Uingereza inamtambua mwenza bila cheti. Inataka muwe mmekuwa katika uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2 kabla ya siku ya kuomba, kila mmoja awe ametimiza miaka 18, na muwe mnakusudia kuishi pamoja mkifika. Zamani kanuni ilidai muwe mmelala chini ya paa moja kwa miaka yote miwili. Mwaka 2024 maneno hayo yalilegezwa, na sasa kinachopimwa ni uhusiano wenyewe, ingawa kuishi pamoja kumebaki kuwa ushahidi mzito kuliko mwingine wowote. Kwa hiyo miezi minane aliyokuwa mbali haiui ombi lenu, mradi mwieleze kwa maandishi na kuonyesha kwamba alikuwa akirudi nyumbani. Akishapata viza ya mwenza wa mfanyakazi, anaweza kufanya karibu kazi yoyote kwa mwajiri yeyote. Ugumu wa Uingereza uko kwenye fedha: kila mtu mzima hulipa tozo ya huduma ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote mwanzoni, yaani pauni 3,105 kwa kibali cha miaka 3, kabla hata hujagusa ada ya viza yenyewe. Hakikisha pia unajua mwajiri anakuombea kibali cha aina gani. Wahudumu wa matunzo ya wazee na wagonjwa, kwa mfano, walifungiwa mlango wa kuleta wategemezi tangu Machi 2024, ilhali mhandisi aliyedhaminiwa kwa kazi ya ngazi ya shahada anaruhusiwa.

Uholanzi ndiyo iliyo rahisi zaidi kwa watu wa hali yenu. Haidai idadi ya miaka mliyoishi pamoja. Inadai uhusiano wa kudumu na wa watu wawili tu, tamko lenu la maandishi kuhusu uhusiano huo, na kwamba mtaishi pamoja na kuandikishwa katika manispaa kwa anwani moja. Mwenza wa mfanyakazi mwenye ujuzi wa juu hufanya kazi bila kuombewa kibali kingine, wala hafanyishwi ule mtihani wa lugha na uraia ambao wahamiaji wengine wa kifamilia huufanya kabla ya kuondoka kwao. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba, badala ya cheti cha ndoa, Waholanzi watawataka kila mmoja wenu alete cheti rasmi cha kuonyesha kwamba HAJAOA au HAJAOLEWA, kikiwa kimethibitishwa na kutafsiriwa. Nimeona watu wakisubiri karatasi hiyo moja kwa miezi wakati kila kitu kingine kilikuwa tayari. Iombeni leo.

Ujerumani haimtambui. Sheria yake ya kuunganisha familia inamtaka mume au mke, na mchumba wa miaka kumi hana nafasi humo kumzidi wa wiki moja. Mkichagua Munich bila ndoa, basi mwenzako itabidi aingie kwa mlango wake mwenyewe, na nadhani kuna wenzetu humu wanaoujua mlango huo kuliko mimi.

La mwisho kwa leo: usitie sahihi chochote kabla ofisi ya utumishi haijakujibu kwa maandishi neno "familia" lina maana gani katika sera yao. Katika kampuni nyingi nilizopitia, sera iliandikwa zamani na ilimaanisha wanandoa na watoto tu, hata pale ambapo nchi yenyewe inamkubali mwenza. Viza ikatolewa, gharama ikabaki kwa mfanyakazi.

Aliyenyimwa Mara Moja alijibu:

Dada Mhandisi, Karani amekupa sheria, nami nitakupa karatasi, kwa sababu ndizo zilizoniangusha. Nchi sitaitaja, ilikuwa mojawapo ya zile zinazomtambua mwenza, na sisi tulikuwa na miaka mitatu ndani ya nyumba moja, kwa hiyo tuliomba bila wasiwasi. Tuliambatanisha picha zaidi ya mia: harusi za ndugu, safari, sikukuu, picha za watu waliopendana kweli kweli. Tukaongeza barua nne za marafiki. Baada ya wiki tisa tulijibiwa kwamba ofisa ameridhika kuwa tunafahamiana kwa karibu, lakini hakuona ushahidi wa kutosha kwamba tunaishi maisha ya pamoja. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaisoma tena ile barua na kuona kwamba, kwa kilichokuwa mezani kwake, ofisa hakukosea.

Tulipojiandaa kuomba upya tulifanya hivi. Tulichukua karatasi nyeupe ishirini na nne, kila moja tukaiandika jina la mwezi na mwaka, tukazitandaza sakafuni kwa mpangilio, kisha tukaanza kuweka juu ya kila mwezi hati yoyote yenye jina la mmoja wetu na anwani ya nyumba ile. Hapo ndipo tulipoona mashimo. Miezi mitano ya mwanzo ilikuwa na hati zangu tupu, hakuna hata moja ya mwenzangu, na mwezi mmoja katikati haukuwa na kitu kabisa. Picha zetu zote mia na ushee zilikuwa za siku kumi na saba tu, ukizihesabu kwa tarehe.

Nilichojifunza ni kwamba hati haihitaji kuwa na majina yenu wote wawili. Bili ya maji yenye jina lake na taarifa ya benki yenye jina lako, zote za mwezi mmoja na zote zimetumwa anwani ile ile, zinasema jambo lile lile ambalo hati ya pamoja ingelisema. Kinachotafutwa ni vyanzo tofauti: benki, mwajiri, bima, hospitali, mamlaka ya kodi, kampuni ya simu. Hati inayotoka kwa mtu asiyewajua wala asiye na sababu ya kuwapendelea ina uzito kuliko barua ya shangazi. Barua za ndugu na marafiki zisitupwe, lakini ziwe hati za kiapo zilizosainiwa mbele ya wakili, na mwandishi aeleze alichokiona kwa macho yake: alifika nyumbani kwenu lini, aliwakuta mkiishi vipi, aliwasaidia kuhama tarehe gani. Barua inayosema "nathibitisha kwamba wanapendana sana" haimwambii ofisa chochote.

Kwa hilo doa la mkataba wa pango, mwombeni mwenye nyumba aandike barua kwamba mwenzako ni mkazi wa nyumba hiyo tangu mwezi fulani, na mkataba utakapofanywa upya uingie kwa majina mawili. Kwa ile miezi minane, tafuteni mkataba wake wa kazi ya huko, malazi aliyolipia, tiketi za kurudi, na fedha mlizotumiana. Kisha andikeni maelezo ya ukurasa mmoja yanayoeleza kwa nini aliondoka, alirudi mara ngapi na aliporudi moja kwa moja ilikuwa lini. Msiifiche. Ofisa akiigundua mwenyewe, ataanza kutilia shaka hata yale yaliyo wazi.

Angalieni pia fomu zenu za zamani. Mimi miaka miwili nyuma niliomba viza ya matembezi ya nchi nyingine, na penye hali ya ndoa nikajaza "sina mwenza" bila kufikiri, wakati tayari tulikuwa tunaishi pamoja. Nililazimika kulieleza hilo kwa barua.

Ombi la pili lilikubaliwa.

Mama wa Pacha alijibu:

Nitasema kile ambacho wengine wanakizunguka. Mdogo wangu, kama ndoa mmekwisha kuipanga, kwa nini msiende kwa msajili mkafunga ndoa ya kiserikali sasa, sherehe na wazazi zikaja baadaye? Sisi tulifanya hivyo. Mashahidi wawili, nusu saa, cheti mkononi. Sherehe tuliifanya baada ya mwaka na nusu, na hakuna aliyeona imepungua kitu.

Nasema hivi kwa sababu kazi ya leo inaweza kuwa London na ya kesho ikawa kwingine. Marekani mwenza asiye na cheti hapewi ile viza ya familia ya mfanyakazi. Kinachowezekana ni viza ya matembezi ya B-2 kwa mtu anayeishi na mfanyakazi huyo, ambayo haimruhusu kufanya kazi hata siku moja, wakati mke au mume wa mfanyakazi aliyehamishwa ndani ya kampuni moja anaruhusiwa kufanya kazi kwa hadhi yake hiyo hiyo. Japani kibali cha mtegemezi ni cha wanandoa na watoto. Falme za Kiarabu zililegeza sheria yake ya kuishi pamoja bila ndoa mwaka 2020, lakini ukitaka kumdhamini mtu kwa kibali cha ukaazi bado utaulizwa cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Cheti kinapita mahali ambapo faili la karatasi mia mbili halipiti.

Na kwa Munich, mke au mume wa mwenye Kadi ya Bluu, yaani kibali cha Umoja wa Ulaya cha wafanyakazi wenye ujuzi wa juu, anaruhusiwa kufanya kazi mara moja, wala hadaiwi kwanza cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, ambacho wanandoa wengine hudaiwa.

Karani wa Vibali alijibu:

Mama wa Pacha ana hoja, na kwa Ujerumani sina la kumpinga. Naongeza tahadhari mbili tu ili dada asidhani kwamba cheti ni ufunguo unaofungua siku hiyo hiyo.

Kwanza, cheti cha ndoa nacho kinahitaji kuthibitishwa. Kama nchi kilikotolewa na nchi kinakopelekwa zote zimo katika Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, kwa kawaida muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho wa hati unaokubaliwa na nchi za mkataba huo, unatosha. Kama mojawapo haimo, cheti hupitia mlolongo wa wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi, na katika baadhi ya nchi ubalozi wa Ujerumani humtuma mwanasheria wake kukichunguza cheti hadi kwenye daftari la msajili, jambo linalochukua miezi. Watu wanaofunga ndoa wiki ya tatu ili wasafiri wiki ya sita huishia kusafiri mmoja mmoja. Wapo pia wanaotaka kwenda kuoana huko huko Ujerumani. Hao hudaiwa cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, na kama nchi yao haitoi cheti cha namna hiyo, msamaha wake huombwa mahakama kuu ya mkoa. Ndiyo maana wageni wengi wanaoishi Ujerumani huvuka mpaka wakaoane Denmark.

Pili, ndoa iliyofungwa wiki mbili kabla ya ombi la viza, bila historia nyuma yake, huulizwa maswali. Kwa hiyo hata mkioana, zile karatasi ishirini na nne za sakafuni zipangeni vile vile.

Uamuzi wa kuoana au kutooana ni wenu, na sidhani kama ni ofisi ya uhamiaji inayopaswa kuwapangia tarehe, maadamu kati ya ofisi tatu mlizopewa mbili hazidai ndoa.

Mtegemezi Mstaafu alijibu:

Mimi niliwahi kuwa huyo "mwenza anayefuata". Nilifuata mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Singapore, ambako mwenza asiye na cheti hupewa kibali cha kukaa muda mrefu iwapo mfanyakazi anapata mshahara wa angalau dola 6,000 za nchi hiyo kwa mwezi, lakini kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi. Ukitaka kazi, mwajiri akuombee kibali chako mwenyewe. Nilikaa miezi kumi na minne nikijifunza kupika vitu ambavyo sikuvipenda. Mara ya pili nilihakikisha kwanza naruhusiwa kufanya kazi, ndipo nikafunga mizigo. Kwa hiyo lile sharti la mwenzako ni la busara, msilishushe.

Ninachotaka kukisema ni jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza wakiwa na furaha. Kibali cha mtegemezi kinasimama juu ya mwombaji mkuu. Wewe ukipoteza kazi, na yeye kibali chake kinayumba. Mkiachana, mnatakiwa kuwaarifu uhamiaji, na Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hukifupisha kibali na kumwachia mtu siku 60 za kuondoka au kutafuta njia nyingine. Kaeni mlizungumze kabla ya kuondoka, pamoja na nani atabaki na jina kwenye mkataba wa nyumba, na fedha za tiketi ya kurudi zitakuwa akaunti ya nani.

Kutokana na hilo, naona mmesahau kumtazama mwenzako kama mtu mwenye taaluma. Dada amesema ni mtaalamu wa kompyuta mwenye miaka sita kazini na hana shahada. Ujerumani tangu Novemba 2023 inatoa Kadi ya Bluu kwa wataalamu wa kompyuta wasio na shahada, mradi wawe na angalau miaka 3 ya uzoefu wa ngazi hiyo katika miaka 7 iliyopita na ofa ya kazi yenye mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa. Akipata ofa Munich, haingii kama mwenza wa mtu. Anaingia kwa miguu yake, na hakuna atakayemuuliza mmeishi pamoja tangu lini. Kuna pia Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, inayomruhusu mtu kukaa hadi mwaka 1 akitafuta kazi huku akifanya kibarua cha saa zisizozidi 20 kwa wiki. Hiyo inadai mafunzo ya ufundi au shahada inayotambuliwa, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi ya juu ya kati), fedha za kujikimu na pointi 6 za sifa kama uzoefu na lugha, kwa hiyo aangalie kwanza kama vyeti vyake vinafika.

Hili la kuingia kwa njia yake mwenyewe lina faida hata London na Amsterdam: siku uhusiano au kazi yako ikiyumba, yeye hayumbi.

Msomaji wa Pembeni aliandika:

Samahani kwa kudandia. Sisi tunafikiria Kanada au Australia, na tuna miezi kumi tu ya kuishi pamoja. Je, tumekwisha kukosa?

Karani wa Vibali alijibu:

Hamjakosa, ila msiwahi kutuma. Kanada humhesabu mwenza baada ya miezi 12 mfululizo ya kuishi pamoja, na safari fupi za kazi au za kifamilia hazikatishi hesabu. Lakini kumtambua ni jambo moja na kumpa kibali cha kazi ni jingine: tangu tarehe 21 Januari 2025 kibali cha wazi cha kazi, yaani cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, kwa wenza wa wafanyakazi kimebanwa, kinatolewa kwa wenza wa walio katika ngazi za juu za kazi na baadhi tu ya ngazi za kati, na kibali cha mfanyakazi mwenyewe kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Mkiomba ukaazi wa kudumu wa huko, mtaje mwenza hata kama haendi nanyi sasa. Mtu wa familia aliyefichwa katika ombi la kwanza kwa kawaida hufungiwa kudhaminiwa baadaye, na hilo limewaumiza wengi waliodhani wanarahisisha mambo.

Australia kwa viza nyingi inadai miezi 12 ya uhusiano wa aina hiyo kabla ya kuomba, lakini sharti hilo huondolewa kwa walioandikisha uhusiano wao katika jimbo linaloruhusu uandikishaji, kama vile Victoria au New South Wales. Norwe na Finlandi wao hutaka miaka 2 ya kuishi pamoja, na Finlandi huwasamehe wenye mtoto wao wa pamoja. Na kama mmoja wenu ana uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya na mnahamia nchi nyingine ya umoja huo, someni Agizo la mwaka 2004 la uhuru wa kwenda na kukaa: linazitaka nchi kurahisisha kuingia kwa mwenza mwenye uhusiano wa kudumu uliothibitishwa. Kurahisisha, si kuhakikishia. Neno hilo limepelekwa mahakamani mara nyingi.

Mhandisi wa Madaraja aliandika:

Nawashukuru wote, na nawapa matokeo ya hadi leo. Ofisi ya utumishi imejibu hatimaye, na Karani alikuwa sahihi: sera inasema mume, mke na watoto. Nimewaandikia kwamba Uholanzi na Uingereza zenyewe zinamtambua mwenza, nikaomba wamgharimie kwa utaratibu ule ule na ombi lake litumwe pamoja na langu. Wamesema watalipeleka kwa meneja wa uhamisho na kunijibu Jumatano. Nimeomba jibu hilo liingizwe ndani ya barua ya uhamisho, lisibaki kwenye barua pepe.

Tumeegemea Amsterdam. Mwenza wangu ametuma maombi ya kazi Munich pia, matatu, baada ya kusoma maneno ya Mtegemezi Mstaafu. Anasema hakujua kwamba shahada si lazima. Swali dogo lililobaki: nikitangulia mimi, je, anaweza kuja kwa viza ya matembezi, tukamalizia mambo huko huko?

Karani wa Vibali alijibu:

Msifanye hivyo. Uingereza hairuhusu mgeni wa matembezi kubadili kuwa mwenza wa mfanyakazi akiwa ndani ya nchi. Atarudishwa kuomba kutoka nje. Uholanzi nayo, kwa raia wa nchi nyingi, inataka ile viza ya kuingilia ya ukaazi itolewe kabla ya safari. Kwa kuwa mwajiri wako ni mdhamini anayetambuliwa na uhamiaji wa huko, kama nilivyoelewa, anaweza kutuma maombi yenu mawili kwa pamoja. Ulizia hilo hiyo Jumatano. Ni afadhali kuahirisha siku ya kuanza kazi kwa mwezi mmoja kuliko kutengana kwa mitano.

Mhandisi wa Madaraja aliandika:

Nimekuelewa, na mdhamini anayetambuliwa ndivyo alivyo, nimehakikisha leo asubuhi. Vyeti vya kuonyesha kwamba hatujaoana tumeviomba jana, mwenye nyumba ameandika barua yake, na usiku tumezitandaza karatasi sakafuni kama alivyofanya Aliyenyimwa Mara Moja, ingawa Uholanzi haihesabu miaka, kwa sababu London hatujaifuta bado. Tumekuta miezi miwili mitupu katika ile minane: Juni na Septemba. Mwenza wangu amekumbuka kwamba Septemba alitibiwa jino akiwa nyumbani na risiti iliandikwa anwani yetu. Ya Juni bado anaitafuta kwenye simu yake ya zamani, ambayo haiwaki mpaka uishike waya wa chaji kwa pembe fulani.